Kuhesabu kalori au kupima kwa mkono? Angalia kwanza nani anakupakulia

Anayeanza kupunguza uzito hukutana na ushauri wa namna mbili. Wa kwanza unamtaka apakue programu kwenye simu, atafute mzani wa jikoni, na aandike kila kinachoingia mdomoni ili jumla ya siku isizidi namba aliyopangiwa. Wa pili unamwambia aachane na namba, atumie sahani na mkono wake: nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo protini, basi. Njia zote mbili zinafanya kazi, na zinafanya kazi kwa sababu ileile. Mwili ukipata nishati pungufu kuliko unayotumia, unachota kwenye akiba ya mafuta.

Tofauti iko kwenye maisha ya anayezitumia. Watu wengi huanza na njia waliyosikia ikisifiwa, halafu wiki ya tatu wameacha, na wanajilaumu kwamba hawana nidhamu. Mara nyingi nidhamu wanayo. Njia ndiyo haiendani na jiko linalowapikia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina usahihi zaidi, jiulize: chakula changu anakipika nani, na anayeshika upawa ni nani? Anayejipikia na kula peke yake, mama anayepikia watu sita, kijana anayekula kwa mama ntilie mchana na chipsi usiku, na anayekula sinia moja na ndugu zake, hawa wote hawawezi kupewa jibu moja.

Kuhesabu kunahitaji nini

Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Pombe ina 7. Hesabu nyingine zote zinatoka hapo.

Ili ujue kiwango chako cha siku, kanuni inayotumika sana ni ile ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Chukua mwanamke wa miaka 35, kilo 82, urefu sentimita 160. Uzito unazidishwa kwa 10, unapata 820. Urefu kwa 6.25, unapata 1,000. Umri kwa 5, unapata 175. Jumlisha mbili za kwanza, toa 175, kisha toa 161. Inabaki 1,484, na hiyo ndiyo nishati ambayo mwili wake ungetumia hata angeshinda kitandani. Mwanaume hatoi 161. Yeye anaongeza 5. Huyu mama anatembea kidogo na ana kazi za nyumbani, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.375, tunapata kama 2,040. Akila pungufu ya hapo kwa 500, yaani karibu 1,540 kwa siku, anaweza kutarajia kupungua kama nusu kilo kwa wiki katika miezi ya mwanzo. Kushuka chini ya 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanaume kusifanyike bila daktari. Ratiba za kalori 800 zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ziache zipite.

Uzuri mkubwa wa kuhesabu ni kwamba kunakuondolea kukisia, na sisi binadamu tunakisia vibaya mno. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wanene waliosema wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo vya maabara, ilionekana walikuwa wanaripoti karibu nusu tu ya walichokula. Lilikuwa kundi dogo, lakini yeyote aliyewahi kupima mafuta anayomimina kwenye kikaango anaelewa mara moja jinsi inavyowezekana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Kumimina kutoka kwenye chupa kwa macho, vijiko vitatu vinapita bila mtu kugundua.

Kwa anayejipikia na kula peke yake, kuhesabu kunawezekana kabisa. Siri ni moja: pima kikiwa kikavu. Gramu 100 za unga wa sembe zina kalori kama 360, na mchele mbichi vivyo hivyo. Wali ulioiva unashuka hadi kama 130 kwa gramu 100 kwa sababu umekunywa maji. Ugali ndio unaowachanganya wengi, maana ugali mgumu na ugali laini vikipimwa uzito sawa havina kalori sawa. Ukiweka gramu 120 za unga kwenye sufuria, umekula kalori kama 430, hata ungeusonga vipi.

Matatizo yanaanza unapotaka simu ikusaidie. Programu nyingi zimejengwa kwa vyakula vya Ulaya na Marekani, na vyakula vyetu vimeingizwa na watumiaji wenyewe, kila mmoja na kadirio lake. Tafuta "chapati" na utaletewa namba zinazopishana mara mbili au tatu, kwa sababu moja ni kavu ya Kihindi na nyingine ni ya kusukuma iliyochovya mafuta kila tabaka. Ukitaka namba za kuaminika zaidi, Tanzania ina majedwali yake ya virutubishi vya vyakula yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya ilitoa yake mapya mwaka 2018. Hayo yanajua dagaa, mlenda na matembele ni nini.

Kuna udhaifu mwingine unaonisumbua zaidi ya huo wa namba. Kuhesabu hakukuambii chakula kizuri ni kipi. Soda ya chupa ya mililita 300 ina kalori kama 125, na maharage yaliyochemshwa gramu 100 yana karibu hizo hizo. Kwenye simu ni sawa kwa sawa. Tumboni soda haizuii njaa hata kidogo, wakati maharage yana nyuzinyuzi na protini zinazokufikisha jioni bila kutafuta maandazi. Nimeona watu wakibana chakula cha mchana ili "wabakishe" kalori za soda jioni, halafu wanashangaa kwa nini wana njaa siku nzima.

Mkono na sahani

Kipimo cha mkono ni cha zamani katika mafunzo ya kisukari, na kwa sehemu kubwa kinahusishwa na Zimbabwe. Kinavyotumika mara nyingi ni hivi: wanga kiasi cha ngumi yako, ukiwa na kazi nzito hadi ngumi mbili, nyama, samaki au maharage kiasi cha kiganja bila vidole, mboga za majani zinazojaa viganja viwili vilivyokunjuliwa pamoja, mafuta yasiyozidi ncha ya kidole gumba. Mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana mkono mkubwa, kwa hiyo kipimo kinajirekebisha chenyewe. Na mkono huwezi kuusahau nyumbani.

Ushahidi upo kwamba mtu anaweza kupungua bila kuhesabu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine lilipunguza wanga, na hakuna kundi lililopewa kikomo cha kalori. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga uliokobolewa, wapike nyumbani. Kwa wastani walipungua kilo 5.3 na 6.0, tofauti isiyo na uzito. Ni haki kusema pia kwamba walikuwa na madarasa ya mara kwa mara na walimu wa lishe, kitu ambacho wewe na mimi hatuna.

Hebu tuone sahani moja kwa njia zote mbili. Mchana, kwa mama ntilie: wali, maharage, mchicha kidogo pembeni, soda. Anayehesabu atakadiria wali gramu 350 (455), mafuta yaliyopikiwa wali (120), upawa mmoja wa maharage (190) na tui au mafuta yake (100), mchicha (50), soda (125). Jumla 1,040. Ni makadirio matupu, kwa sababu hakuwepo jikoni. Anayetumia mkono haandiki chochote. Anasema: "Dada, wali nipunguzie nusu, niongezee mchicha, na maji tafadhali." Sahani hiyo sasa ina kama 680. Amepunguza 360 kwa sentensi moja, na hakujua wala hakuhitaji kujua.

Hapo ndipo ninapoona kipimo cha mkono kinashinda waziwazi. Unapokula chakula cha mtu mwingine, namba zako ni za kubahatisha, lakini uwiano wa sahani unauona kwa macho yako. Mama ntilie wengi hawakatai ombi kama hilo. Wali ndio unaowagharimu. Muhimu useme kabla hajapakua. Ukishawekewa kilima cha wali, utakimaliza.

Lakini kipimo cha mkono nacho kina shimo lake, na ni kubwa. Hakioni mafuta wala sukari. Nusu ya sahani ikijaa mchicha uliokaangwa kwa mafuta ya kuogelea, au wa karanga na tui zito, sahani imefuata kanuni na bado imebeba kalori za sahani mbili. Chai haimo kwenye sahani kabisa. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya kujaa, ni zaidi ya kalori 200 ambazo mkono hautaziona. Kisha kuna suala la nini kinahesabika kama mboga. Viazi, ndizi za kupika, magimbi, muhogo na mahindi ya kuchoma vyote vinakaa upande wa wanga. Wali na viazi vya mchuzi kwenye sahani moja ni robo mbili za wanga, hata kama viazi vimekuja ndani ya mchuzi wa nyama.

Ukiwa ndiye unayepikia familia

Hapa sipendekezi njia yoyote kati ya hizo mbili kama ilivyo. Mama au baba anayepikia watu wanne, sita, wanane hawezi kupima sahani yake peke yake kwenye mzani huku watoto wanamtazama, na mchuzi wote umetoka sufuria moja. Kwake yeye naona ni bora ahesabu sufuria, si sahani, na ahesabu vitu viwili tu: mafuta na sukari.

Chukua chupa ya mafuta ya lita moja. Siku unayoifungua, andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu. Siku inapoisha, hesabu siku. Lita moja ina kalori kama 8,200. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa siku 5, kila mtu amekula kalori kama 410 za mafuta tu kwa siku, kabla hujahesabu wali, ugali wala nyama. Ukiifanya idumu siku 8, kila mtu anashuka hadi kama 256. Umewapunguzia watu wote wa nyumba zaidi ya 150 kwa siku, na hakuna aliyeambiwa yuko kwenye mpango wa kupunguza uzito. Kinachobadilika jikoni ni kidogo: mafuta yanapimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa, kitunguu kinakaangwa kwa moto wa wastani na maji kidogo kikianza kushika, samaki anachomwa au anapikwa mchuzi badala ya kuelea kwenye mafuta.

Sukari vivyo hivyo. Kilo moja ina kalori karibu 4,000. Watu wanne wakiimaliza kwa siku 4, kila mmoja anapata kama gramu 62 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Nyumba hii imevuka kwa chai peke yake, bila soda, bila juisi za pakiti, bila kalimati. Ikidumu siku 8 wanakuwa kama gramu 31.

Napenda njia hii kwa sababu haimgeuzi mtu mmoja kuwa mgonjwa mezani. Mtu anayekula saladi peke yake wakati familia inakula pilau hadumu. Pilau ikipikwa kwa mafuta nusu, kachumbari ikijazwa bakuli kubwa, wote wanakula kimoja.

Mtoto anayekua asiwekewe vikwazo vya kalori. Lakini kupunguza mafuta yaliyozidi na sukari ya chai hakumnyimi kitu. Protini, maziwa, matunda na ugali wake vinabaki palepale.

Kwenye sinia

Huku Pwani, na kwenye nyumba nyingi wakati wa Ramadhani, chakula kinaliwa sinia moja. Kuhesabu hapa hakuwezekani, na hata nusu-robo-robo haipo kwa sababu huna sahani. Kujitenga na kisahani chako ni kuwavunjia heshima wenzako katika nyumba nyingine, na sioni sababu ya kufanya hivyo kwa ajili ya uzito.

Kinachosaidia ni kuanza na upande wa kachumbari, mboga na samaki, kumega tonge dogo, na kula ukizungumza. Anayekula haraka humaliza sehemu yake na kuingia ya jirani kabla tumbo halijatoa taarifa. Kwenye futari jambo la kuangalia ni vile vya kukaanga na vya sukari vinavyotangulia: sambusa, kalimati, vitumbua, juisi. Tende mbili tatu na uji usio na sukari nyingi zinatosha kufungulia. Ukishaswali, mihogo ya nazi au wali unaufikia ukiwa na akili. Tui zito lina zaidi ya kalori 200 kwa mililita 100, kwa hiyo anayepika akiongeza tui jepesi na kupunguza zito amewasaidia wote.

Nani achague nini

Unaishi peke yako, unajipikia, unapenda namba, na unataka kujua hasa unasimama wapi: hesabu, lakini kwa wiki mbili au tatu tu mwanzoni. Baada ya hapo jicho lako litakuwa limefundishika, na utaweza kuhamia kwenye mkono ukijua kijiko cha mafuta kina nini na konzi ya karanga ina nini (gramu 30, kama kalori 170). Sioni faida ya kuandika kila tonge kwa mwaka mzima.

Unakula nje mara nyingi: mkono, bila kusita. Weka nguvu zako kwenye vinywaji na vya kukaanga. Chipsi mayai ya usiku ni mlo mzito kuliko wali maharage wa mchana, na ukiila mara moja kwa wiki badala ya mara nne umefanya kazi kubwa kuliko programu yoyote.

Umewahi kupata tabu na chakula, kama kujinyima hadi kuzimia, kula kwa siri, kujitapisha, au kuogopa mzani: usihesabu kabisa. Namba huwasha upya mambo hayo. Na mwenye ujauzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo, aanzie kwa daktari au mtaalamu wa lishe wa hospitali. Kwa mwenye kisukari, kupunguza wanga ghafla bila kurekebisha dawa kunaweza kushusha sukari hadi hatari.

Vyovyote utakavyochagua, upimaji wa maendeleo ni uleule. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa ajili ya maji, chumvi na siku za hedhi, kwa hiyo usiamue kwa mzani wa asubuhi moja. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya kunywa chai. Chukua na futi kamba ya fundi cherehani uizungushe kiunoni. Hatari ya magonjwa huanza kuongezeka kiuno kikifika kama sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume, na mara nyingi kiuno kinapungua wakati mzani umeganda. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako. Kwa yule mama wa kilo 82 ni kilo 4 na kidogo, na hapo tayari presha na sukari vinaweza kuanza kutulia.

Akifika kilo 74 atagundua kwamba kasi imepungua. Kanuni ileile sasa inampa 1,404 badala ya 1,484, na matumizi ya siku yameshuka toka 2,040 hadi kama 1,930, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Anayehesabu atapunguza kama 100 kwenye namba yake na kuendelea. Anayetumia mkono awe makini hapa, kwa sababu yeye amepungua ila ngumi yake iko vilevile. Apunguze wanga wa usiku kwa robo ya ngumi, au aongeze nusu saa ya kutembea kwa kasi kila jioni, ajipime tena baada ya wiki nne.